Fada moja yenye mota, au nane zisizo nayo?

Shikamoo mwalimu,

Nina miaka 27 na nina studio ndogo Nyakato, hapa Mwanza, chumba kimoja cha kupanga. Wateja wangu wakubwa ni kwaya. Biti za vijana nazitengeneza kwenye programu ya FL Studio, lakini kwaya narekodi na kumiksi kwenye nyingine, Reaper. Wimbo mmoja wa kwaya unaweza kufika trak 40: mwimbishaji, sauti ya kwanza hadi ya nne, kila moja imerudiwa mara mbili au tatu, halafu kinanda, solo, ridhim, besi na ngoma.

Tatizo langu ni mausi. Mwimbishaji akianza chini kisha akapanda, inabidi nichore mstari wa sauti yake nukta kwa nukta, ubeti baada ya ubeti. Nikimaliza wimbo mmoja kifundo cha mkono kinawaka moto. Na pamoja na jasho lote hilo, mwezi uliopita mwenyekiti wa kwaya moja alinirudishia kazi akasema, "Mwimbishaji wetu anapotea, halafu ubeti wa mwisho anatupigia kelele." Nilisikiliza tena usiku. Alikuwa sahihi.

Nimeweka akiba laki saba kwa ajili ya kontrola ya fada, yaani kile kifaa chenye vitelezi (fada) vya kupandisha na kushusha sauti za trak kwa kidole. Nimeona njia tatu. Ya kwanza ni Korg nanoKONTROL2, ndogo, fada nane zisizo na mota, na hapo chenji inabaki. Ya pili ni zile za fada moja yenye mota, PreSonus FaderPort au Behringer X-Touch One. Ya tatu, kuna kaka yupo Dar anauza Behringer BCF2000 iliyotumika, imetoka Ulaya, fada nane na zote zina mota. Bei tumekaribia kukubaliana, na moyo wangu uko huko. Mteja akiingia akakuta fada nane zinapanda na kushuka zenyewe, anajua amefika studio. Rafiki yangu naye ananiambia vyote hivyo ni mapambo, niongeze hela ninunue spika.

Naogopa pia kwa sababu mwaka juzi duka moja liliniuzia kontrola likiniambia ni mikseri. Nilifika nyumbani nikatafuta pa kuchomeka maiki, hapakuwepo. Pesa hawakurudisha. Sitaki kuumia mara ya pili. Nisaidie.

Fundi wa kwaya, Mwanza

*

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa mkono, na pole zaidi kwa lile duka.

Nianze hapohapo dukani, maana wanaoangukia shimo hilo ni wengi. Kontrola ya fada haipitishi sauti. Ukiifungua utakuta fada, vitufe na saketi inayotuma namba kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Unaposukuma fada, inachosema ni "trak ya tatu, panda hadi hapa," na Reaper ndiyo inayopandisha. Sauti yako inabaki ilikokuwa, ndani ya kompyuta, inatokea kwenye saundi kadi yako ileile. Kwa hiyo hakuna kontrola kati ya hizo tatu itakayofanya maiki isikike vizuri zaidi, na muuzaji akikuambia inaongeza ubora wa sauti, ondoka. Inachobadilisha ni mkono wako. Na wewe, kwa ulivyoeleza, mkono ndio umekwama.

Ushauri wangu ni huu: chukua ya fada moja yenye mota, inayohisi kidole. Najua siko ulikotaka nikupeleke, kwa hiyo nieleze kwa kirefu.

Fikiria nanoKONTROL2 kwanza. Ina fada nane, fupi, hazina mota. Umemiksi wimbo wa kwanza, fada ya mwimbishaji umeiacha juu. Unafungua wimbo wa pili, ambao ndani ya Reaper mwimbishaji yuko chini. Fada ya mkononi bado iko juu. Ukiigusa tu, sauti inaruka kutoka chini hadi juu kwa mshindo. Programu zina dawa ya hilo: unaweza kuiamuru fada isifanye lolote mpaka uipitishe pale sauti ilipo, ndipo inashika. Inafanya kazi, lakini sasa kila mara unatafuta pa kushikia kama mtu anayepapasa swichi gizani. Na hata ndani ya wimbo uleule mmoja tatizo lipo. Trak zako ni 40, fada ni nane, kwa hiyo zitakuwa makundi matano, na kila ukihama kundi, fada zote nane zinakuwa zinasema uongo kuhusu trak zilizo mbele yako.

Mota inatibu hilo moja kwa moja. Ukichagua trak, fada inakwenda yenyewe mahali sauti ya trak hiyo ilipo. Kidole kinaanzia penye ukweli. Wala si anasa ya jana: miaka ya 1970 kampuni ya Neve ya Uingereza ilitengeneza NECAM, mfumo wa fada za mota zilizokumbuka mikono ya fundi, na waliolipia mashine hizo walikuwa mafundi waliochoka na jambo lilelile linalokuchosha wewe, kurudia ubeti mmoja mara kumi kwa sababu mkono haukumbuki ulichofanya mara ya tisa.

Kuna na suala la ngazi. Ujumbe wa kawaida wa MIDI, lugha ambayo vyombo na kompyuta hutumiana namba, iliyowekwa mwaka 1983, unahesabu kutoka 0 hadi 127. Fada ndogo inayotuma ujumbe huo ina ngazi 128 tu kutoka kimya hadi juu. Kwa kuwasha kichujio au kuzungusha mwangwi zinatosha sana. Kwa sauti ya mwimbishaji anayefifia taratibu mwisho wa ubeti, ngazi zinasikika. Fada zinazotumia Mackie Control, lugha ya kontrola kuzungumza na programu za muziki, hutuma ujumbe wa aina nyingine, ule wa kupinda noti, wenye nafasi ya ngazi nyingi zaidi kwa mbali, na kwa zile za fada moja ulizozitaja njia ya fada ni ya milimita 100. Kidole kinapata uwanja.

Sasa tuje kwa BCF2000, mpenzi wako. Ni mashine iliyowahudumia watu wengi, fada nane za mota kwa bei ambayo wakati wake hakuna aliyeifikia. Tatizo lake ni moja na kwa kazi yako ni kubwa: haihisi kidole. Mota inajua kusukuma fada, haijui kama wewe umeishika.

Chukua mfano wa kwaya yako. Kwenye Reaper utatumia otomesheni, yaani programu kukumbuka misogeo ya fada, katika hali ya Touch: unaposhika fada inaandika, ukiachia inarudi kwenye mstari wa zamani. Mwimbishaji anavuta "aleluya" ndefu. Umeipandisha kidogo kisha umetulia, unashikilia hapohapo mpaka pumzi yake iishe. Fada inayohisi kidole inaiambia Reaper, "bado ameshika." BCF2000 haina la kusema, kwa kuwa fada haisogei na hakuna namba inayotumwa. Programu inadhani umeachia, inairudisha sauti chini katikati ya aleluya, na mota inaanza kuvutana na kidole chako. Utahamia hali ya Latch, ambayo ukiachia inabaki ulipoishia, na utapata njia za kuzunguka. Mimi nimefanya kazi na fada za namna hiyo miaka kadhaa na nakuambia mkono unajifunza kuogopa. Unakuwa hushiki fada mpaka una hakika, na kumiksi vokali ni kazi ya kushika kabla hujawa na hakika.

Ongeza kwamba mashine hiyo ilishaacha kutengenezwa. Mota zake zina kelele tangu zikiwa mpya, na ikifa fada moja, fundi wako wa Mwanza hatakuwa na ya kubadilisha. Kama bado unaitaka, usilipe kabla hujapigiwa simu ya video ukaona fada zote nane zikiamriwa kwenda juu na kurudi chini kwa pamoja. Inayochelewa au inayotetemeka karibu na mwisho ndiyo itakayokufa kwanza. Mwambie pia akusogezee kamera nyuma usome umeme ulioandikwa. Hilo fanya kwa kifaa chochote cha mtumba, hasa kilichotoka Marekani: kikiandikwa 120V peke yake, umeme wetu wa 230V utakiunguza siku ya kwanza. Kinachoandikwa 100 hadi 240 hakina shida.

Utaniuliza, fada moja itatosha trak 40? Jiangalie siku nzima ya kumiksi. Mizani ya kwaya, nani akae juu ya nani, unaipata mapema, na hiyo hata kwa mausi haikuumizi sana. Kinachokula usiku wako ni kumfuata mtu mmoja kutoka neno hadi neno. Hapo kidole kinachofanya kazi ni kimoja. Mimi hata nikiwa mbele ya meza ya fada 24, nikimfuata mwimbaji mkono mwingine huwa umekaa gotini.

Ambacho fada moja haitakupa ni kusukuma makundi mawili kwa wakati mmoja, mathalani kushusha vyombo huku sauti nne zikipanda kwenye kiitikio. Hiyo ni raha ya kweli na utaikosa. Unaweza kuipunguza kwa kupanga kazi: weka trak zako ndani ya folda za Reaper, mwimbishaji peke yake, kila sauti folda yake, ngoma, besi, magitaa, kinanda. Trak 40 zinakuwa milango tisa. Pitisha fada yako kwenye mlango mmoja, andika, rudi mwanzo, pita kwenye mwingine. Ni polepole zaidi, ndiyo. Siku kazi zikiongezeka, Behringer X-Touch kubwa ina fada nane na ya tisa ya jumla, PreSonus wana FaderPort 8, zote zinahisi kidole, na hiyo fada moja utaiuza bila kuhangaika.

Kati ya FaderPort na X-Touch One, kwako tofauti ni ndogo. Zote zina fada ya milimita 100 inayohisi kidole, zote zinazungumza Mackie Control na HUI, lugha nyingine ya namna hiyohiyo. X-Touch One ina gurudumu la kutembeza wimbo mbele na nyuma, ambalo kwa kutafuta silabi mkono utalizoea haraka. FaderPort ina tundu la pedali ya mguu, na wewe unayerekodi kwaya huku umeshika gitaa au umesimama mlangoni unawanyamazisha watoto, kuanza kurekodi kwa mguu ni msaada. Kwa wanaotumia programu ya Studio One, FaderPort ndiyo chaguo bila mjadala, kwani zinatoka kwa kampuni moja na zinaelewana kila kitu. Wewe hutumii, kwa hiyo hilo lisikusukume.

Cha kuangalia kwa makini zaidi ya rangi na bei ni namna kontrola itakavyoelewana na Reaper. Kwenye mipangilio nenda sehemu ya Control/OSC/web, ongeza kifaa, chagua Mackie Control Universal, onyesha mlango wa MIDI wa kuingia na wa kutoka. Usisahau wa kutoka. Ukiuacha, fada itatuma lakini mota haitapokea, na utadhani umeuziwa mbovu. Fahamu pia kwamba lugha ya Mackie ilitungwa kwa ajili ya meza ya fada nane na ya jumla. Fada moja ndani ya lugha hiyo wakati mwingine inajiona ni ya kwanza kati ya nane, kwa hiyo ukibofya trak ya 17 kwenye skrini inaweza isikufuate mpaka utembee kwa vitufe vya kusogeza trak. Kuna kiongezo cha bure cha Reaper kinaitwa CSI ambacho kinakuruhusu uamuru mwenyewe kila kitufe kifanye nini, pamoja na fada kufuata trak uliyoichagua. Jioni moja ya kusoma na kujaribu itakwenda hapo. FL Studio ilifunguliwa zaidi kwa kontrola za namna hii mwaka 2020, ilipoanza kupokea skripti za MIDI, lakini biti zako ziache zilivyo, kazi ya fada iko kwenye kwaya.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jaribio. Hapohapo kwenye Control/OSC/web Reaper ina ukurasa wa kivinjari. Uwashe, unganisha simu na kompyuta kwenye Wi-Fi moja, fungua anwani itakayokuonyesha, utaona fada za trak zako kwenye kioo cha simu. Haina mota wala haina mwili, kidole kinateleza, lakini itakuambia jambo unalohitaji kujua: je, ukipata fada utaishika? Miksi nyimbo mbili namna hiyo. Ukijikuta unarudi kwenye mausi kwa sababu muda wako mwingi unaishia ndani ya ikwalaiza na kompresa (ile inayobana sauti ikizidi), basi fada haitakupunguzia maumivu, na hapo heri uzungumzie nobu, vile vya kuzungusha, badala ya fada. Mimi sidhani itakuwa hivyo kwako. Mtu anayechora ubeti mzima nukta kwa nukta anatafuta fada.

Kuhusu rafiki yako wa spika: hujaniambia sasa unasikilizia kwenye spika zipi. Ukiwa unamiksi kwa spika za redio ya nyumbani, namuunga mkono asilimia mia, funga mazungumzo haya na umsikilize. Ukiwa na spika za studio hata ndogo na hedifoni unayoijua, laki saba haitakuvusha mbali kwenye spika, lakini kwenye mkono itakuvusha.

Na wateja wanaopenda kuona fada zinacheza zenyewe, sikubezi. Studio ni biashara na mtu hulipa kwa macho pia. Lakini mwenyekiti aliyekurudishia kazi hakulalamikia meza yako. Na fada moja inayopanda yenyewe nayo inatazamwa. Watoto wa kwaya wataizunguka vilevile.

Mambo madogo ya nyumbani. Fada za mota zinataka umeme wake, adapta kando ya USB. Umeme ukikatika, laptopu yako inaendelea na betri lakini fada inakufa mkononi, kwa hiyo kama una betri ya akiba ya studio, adapta hiyo iingie humo. Vumbi ndilo adui wa njia ya fada. Ukimaliza kazi funika kwa kanga nzito, usiiache wazi chini ya dirisha, na usipulizie mafuta ya dawa ya kutu eti inakwama, yanakula njia ya ndani. Mkono wako nao usiusubirishe kontrola: ukiendelea kuuma wiki ya tatu, nenda ukaonwe.

Sasa mwimbishaji wako, maana mwenyekiti alisema mambo mawili na fada inatibu moja. "Anapotea" ni kazi ya fada. "Anatupigia kelele ubeti wa mwisho" inaanza kabla ya fada. Fada ya trak kwenye Reaper inafanya kazi baada ya plagini, vile viongezo vya kuchakata sauti kama kompresa. Ubeti wa mwisho anaimba kwa nguvu zote, kompresa inabanwa mpaka koo lake linasikika gumu, na hata ukishusha fada ule ugumu unabaki, umekuwa mdogo tu. Kwa hiyo kata ile rekodi yake ubeti kwa ubeti, ushushe kipande cha mwisho chenyewe, kwenye klipu, mpaka kompresa ifanye kazi sawa na ilivyofanya ubeti wa kwanza. Kisha ndipo ushike fada.

Ukishika, shusha spika mpaka uweze kuzungumza na mtu aliye pembeni bila kupaza sauti, geuza uso usitazame skrini, weka Touch, cheza. Mfuate kwa maneno, usiufuate mstari. Silabi za mwisho za Kiswahili ndizo zinazozama: "Mungu wangu" inasikika "Mungu wa", "nakushukuru" inabaki "nakushuku". Kidole kipande kidogo sana mwisho wa neno na kirudi kabla ya neno linalofuata. Mara ya kwanza utachelewa. Mara ya tatu kidole kitaanza kutangulia, kwa sababu wimbo utakuwa umeujua.

Chukua ule wimbo uliorudishiwa uwe wa kwanza. Uumiksi upya kwa simu wiki hii, mpelekee mwenyekiti bila kumwambia ulichobadilisha, kisha niandikie alivyosema.